Shuka Iliyochanika Tabora

Kwa miezi minne na siku kumi niliishi katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nasema niliishi kwa kuwa ndilo neno la kawaida. Lililo sahihi zaidi ni kwamba nilikaa. Mume wangu alikuwa amefariki baada ya ugonjwa mfupi, nami nilikuwa katika eda ndani ya nyumba yake, kijijini Wambaa, Pemba, chini ya uangalizi wa wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke mpole ambaye muda wote huo hakunikataza jambo hata moja kwa sauti. Hakuhitaji. Alitandika mkeka wake ukumbini, kati ya mlango wa chumba changu na mlango wa mbele, akawa anachagua mchele hapo, anasali hapo, anajinyoosha mchana hapo. Nikitaka kwenda uani kutia udhu, ilinibidi niruke miguu yake.

Ramani ilikuwa chumbani pamoja nami. Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na katika miaka yake ya mwisho kazini alileta nyumbani karatasi ngumu yenye upana wa mkeka wa watu wawili, akachora juu yake mpaka wa nchi yetu, pwani, maziwa na visiwa, kwa mkono usiotetemeka. Ndani ya mpaka huo hakuandika kitu. Kuijaza nchi ilikuwa kazi yangu, na sharti tulilowekeana lilikuwa moja: mji usioimbwa hauingii.

Nilikuwa nimefundisha Kiarabu na Kiswahili shuleni Chake Chake kwa muda mrefu, na alasiri nikiwasomesha wanawake wa Wambaa dini, barazani kwetu. Huko ndiko nilikoanza kuona kwamba wanawake ambao hawajawahi kuvuka hata kufika Unguja walikuwa na miji ya bara midomoni mwao. Waliitaja katika nyimbo za arusi, za kubembeleza watoto, za kuchuma karafuu, na zaidi ya zote katika nyimbo za kupiga makumbi, pale wanapokaa mstari ufukoni wakiyaponda kwa magongo maganda ya nazi yaliyozikwa topeni miezi mingi, mpaka ubaki usumba mtupu wa kusokotea kamba. Nilizikusanya nyimbo hizo kwa utaratibu niliofundishwa na walimu wangu wa elimu ya riwaya, ile ya kuchunguza hadithi ya Mtume imepokewa na nani kutoka kwa nani. Kila wimbo niliuandikia nani kauimba, kaupokea kwa nani, na alikuwa anafanya kazi gani alipouimba. Mji uliothibitika kwa midomo miwili isiyojuana, mume wangu aliuandika kwa wino. Uliotoka mdomo mmoja aliuweka kwa penseli, ukangoja.

Nchi iliyotokea haikuwa ile ya ukutani shuleni. Tanga ilijaa, kwa sababu Tanga ndiko wanaume walikoshukia. Mtwara ilikuwa katika wimbo wa kumlaza mtoto, nayo kwa mujibu wa wimbo huo iko karibu sana, hatua chache kutoka jikoni, kwa kuwa baba anakwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Arusha tuliikosa miaka miwili mizima. Mume wangu aliudhika kana kwamba mji wenyewe ndio umekataa kuja, hata siku moja akarudi kutoka arusini Chake akiwa na bahasha ambayo nyuma yake ameandika beti mbili, na Arusha imo, inatajwa kwa baridi yake na kwa mwanamume aliyesahau koti. Aliiandika kwa penseli huku akicheka. Miezi sita baadaye nikaipata kwa mwanamke wa pili, akaitia wino.

Wimbo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa makumbi. Nao ni mnyororo: shuka moja inatoka mji hadi mji mgongoni mwa mwanamume aliyeondoka, na kila mji una lake la kuifanyia.

Tanga kanunua shuka, Korogwe kaivaliya,
Morogoro ikachoka, Dodoma kaishoneya,
Tabora ikachanika…

Hapo waimbaji wote wa Wambaa walikoma. Mstari ulibaki na mguu mmoja. Niliwauliza wanawake kumi na zaidi, na kila mmoja alinijibu kwamba hapo ndipo magongo huwekwa chini watu wapumzike, na baada ya mapumziko wimbo unaanza Tanga upya. Mimi sikuridhika. Ubeti wa namna hii hauishi kwa nusu mshororo; kina cha mwisho kilikuwa kinadai mwenziwe, na shuka iliyochanika lazima ifanywe kitu. Mume wangu alichora mstari wa wino kutoka Tanga mpaka Tabora, kisha akaiweka kalamu yake juu ya karatasi, ncha ikielekea magharibi, akasema atangoja. Wiki mbili baada ya hapo aliugua. Nilipoingia eda nikaikuta kalamu pale pale, nami sikuisogeza.

Ndiyo maana nasema kwamba nilikaa na ramani. Wengine hurithi shamba la karafuu. Mimi niliachiwa mstari ulioishia Tabora.

Katika nyumba ya msiba hapaimbwi. Wageni walikuja kunipa pole, wakakaa, na baada ya dua mazungumzo yakateleza polepole kuelekea arusi za zamani, kama yanavyoteleza siku zote, na mimi nikauliza wimbo fulani ulikwendaje. Wifi yangu alikohoa. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia kwa adabu kubwa kwamba watu watasema. Tukakubaliana kwamba maneno yataruhusiwa na sauti haitaruhusiwa. Kwa hiyo nyimbo za nchi nzima nilizipokea kwa mnong'ono, kama watu wanaosomeana wasia. Jambo nililojifunza, ambalo sikuliona katika kitabu chochote, ni kwamba bila sauti wanawake wale walisahau. Walikwama mstari wa pili. Ndipo mmoja akaanza kupiga paja lake kwa kiganja, taratibu, na maneno yakarudi. Na wifi yangu ukumbini akakohoa tena.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kuta zangu. Nilianza kuelewa kwa nini nyimbo zile ziliipanga miji kama zilivyoipanga. Zamani nilidhani ni makosa: mji wa mbali unatangulizwa, wa karibu unacheleweshwa. Sasa nilikaa siku nzima nikisikiliza nyayo za nje na kukisia ni nani, anakwenda wapi, na nikaona kwamba mtu asiyetoka hupanga dunia kwa jinsi habari zinavyomfikia mlangoni. Waliotunga hawakusafiri kama shuka ilivyosafiri. Waliambiwa.

Mwezi wa tatu wa eda yangu ndipo nilipoletewa habari ya bibi mmoja wa Mkoani, mzee sana, aliyekuwa mpiga makumbi hodari wakati wake, ambaye alisemekana anao wimbo wa shuka mpaka mwisho. Haisikii simu, hata ukisema naye ana kwa ana ni lazima umwinamie sikio la kushoto. Nilimtuma binti wa wifi yangu aende na simu akamrekodi. Akarudi na sauti ya bibi ikicheka na kuuliza, "Huyo anayeutaka wimbo ana miguu? Mwambieni aje. Na aje na mikono yake niione, wimbo wa makumbi siutii ndani ya kibati." Alipoambiwa kwamba nimo eda, akasema nikimaliza nije, yeye haendi popote.

Alikwenda. Siku saba kabla ya kumaliza kwangu, tukasikia kwamba mjukuu wake anamchukua Dar es Salaam akaishi naye moja kwa moja, na boti yao imekatiwa tiketi ya asubuhi ya siku fulani. Nilihesabu mara tatu. Siku hiyo ilikuwa ndiyo siku yenye shaka.

Inabidi nieleze shaka hiyo, kwa maana juu yake ndipo yote yalipogeukia. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Mwezi wa mwisho wa eda yangu uliandama mara mbili: upande mmoja wa kijiji waliufuata uliotangazwa kutoka ng'ambo, na upande wetu, ambako mawingu yalifunga jioni ile, tukaukamilisha uliopita siku thelathini na kuanza kesho yake. Jambo hili hutokea, na watu wa Wambaa wamelizoea. Wengine wanakula sikukuu na wengine bado wamefunga, na sahani zinapelekwa nyumba kwa nyumba zikiwa zimefunikwa kwa heshima. Lakini kwangu tofauti ya siku moja ilikuwa na maana hii: kwa hesabu ya wenzetu, asubuhi ya boti nilikuwa mwanamke huru, kwa hesabu ya nyumba niliyokaa, nilikuwa na siku moja nzima iliyobaki.

Na swali hilo hilo nilikuwa nimelijibu zamani, kwa mtu mwingine.

Nyumba ya pili kutoka yetu anakaa mwanamke mpiga makumbi, mwanafunzi wangu wa barazani. Miaka iliyopita alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, na mwisho wa eda yake ukaangukia shaka ya namna hii hii. Mama yake alikuwa anapelekwa Unguja kutibiwa, anapanda boti Mkoani asubuhi ya siku ile. Akamtuma mtu kuniuliza kama anaweza kushika hesabu ya mapema, aende bandarini amuage, arudi. Nilimjibu kwa ukamilifu. Nilimweleza kwamba penye shaka hushikwa lililo zito. Kwamba vitabu vinamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja isiyo na mwingine wa kuitimiza. Na kwamba kuzuru na kuagana havikuhesabiwa haja. Nikamaliza kwa maneno niliyoyaona ya upole: kesho ni yako. Mama yake alirudi Pemba siku ya kumi na mbili, ndani ya jeneza. Mwanafunzi wangu aliendelea kuja barazani kila alasiri, akakaa mahali pake pale pale, karibu na nguzo, na hakunitajia jambo hilo hata siku moja. Ndiyo maana nilipohitaji mtu wa kunitafutia wimbo wa makumbi, sikumwomba yeye, ingawa hakuna aliyefaa zaidi.

Siku moja kabla ya boti alikuja mwenyewe. Wifi yangu alikuwa uani anafua. Alikaa mlangoni pa chumba changu, akatazama ramani, akatazama kalamu.

"Bi Mwalimu, boti yao kesho asubuhi," aliniambia. "Na kwa hesabu ya wenzetu kesho umeshatoka."

Nilimjibu kwamba kwa hesabu ya nyumba hii bado.

"Basi ondoka kwa hesabu ya wenzetu, urudi kwa hesabu ya nyumba hii. Wifi yako kesho yuko kwenye hitma mpaka adhuhuri. Mie ntakaa hapa ukumbini nichague mchele. Akija mtu ntasema umelala, na ntakohoa kama yeye."

Alikohoa, ili nione anaweza. Alimwiga vizuri sana, hata tukasikia uani maji yamesimama kumwagwa.

Sitadai kwamba sikushawishika. Nilikuwa na hoja zote, na kwa mtu aliyesoma, hoja ndizo rahisi kupatikana kuliko kitu chochote. Hesabu ya wenzetu ina wanavyuoni wake, wala si hesabu ya wapuuzi. Ningeweza kuishika bila kuvunja kitu, ila kimoja: ningekuwa nimejipa mwenyewe, kwa ajili ya mistari miwili ya wimbo, siku ambayo nilimnyima huyu aliyekaa mlangoni kwangu, kwa ajili ya mama yake. Lilikuwa ni jibu langu mwenyewe lililonifungia ndani. Wifi yangu na mkeka wake hawakuwa kitu, ningewaruka.

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kwamba nilipata kutoa jibu katika suala hili, na jibu hilo bado ni langu.

Akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza barazani, "Si ulisema hutoka kwa haja isiyo na mwingine wa kuitimiza?"

Nikasema ndivyo.

"Basi hii ina mwingine," akasema, akainuka, akachukua ushungi wake.

Asubuhi ile niliipitisha kwa saa ya ukutani. Mkoani si mbali, lakini honi ya boti haifiki kwetu. Nilijua tu kwamba sasa watu wanapanda, sasa mizigo inafungwa, sasa kamba zinafunguliwa. Saa ya boti ilipopita nilikuwa nimeisoma ramani nzima kwa kidole, kutoka Tanga, mji kwa mji, na kila mara kidole kilisimama Tabora. Wifi yangu alirudi kutoka hitimani na sahani ya wali, akashangaa kunikuta nimekaa sakafuni juu ya nchi.

Alasiri mwanafunzi wangu akaja. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka kifundoni. Alikaa, akaomba maji, akanywa yote, na hakuniharakishia. Alieleza kwamba alimkuta bibi kwenye kiti cha plastiki, mchukuzi mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanataka kumbeba hivyo hivyo mpaka ndani ya boti. Alimwinamia sikio la kushoto. Bibi hakumjibu, aliomba mikono. Akaivuta, akaipapasa viganja kwa vidole gumba, akatafuta pale chini ya vidole ambapo gongo huotesha sugu, akazikuta. Ndipo akasema, "Huyu nampa." Wachukuzi wakangoja. Mjukuu akalalamika kwamba boti haingoji nyimbo, na bibi akamwambia boti ipo, inamngoja yeye bibi, maana ndiye aliyekaa kitini.

"Kaimba?" niliuliza.

"Kaimba, na mie nikapiga paja. Mara mbili. Ya tatu walimnyanyua, akaimalizia juu kwa juu."

Akatazama ukumbini, akaukumbuka msiba, na akayasoma maneno bila sauti, kama tulivyozoea:

Tabora ikachanika, Uvinza kaifuliya,
Kigoma kaitandika, na mtu kailaliya.

Mimi, mjane wa miezi minne na siku tisa, nikacheka. Sikuweza kujizuia. Miaka yote nilikuwa nikiisubiri shuka ile irudi nyumbani, au izikwe, au iwe kitambaa cha machozi. Na kumbe wanawake wa ufukoni walijua siku zote imekwenda wapi, na yule mwanamke wa Kigoma wamemwita tu *mtu*, hawakumpa hata heshima ya kumtukana. Jirani yangu naye akacheka, mkono mdomoni. Ukumbini wifi yangu alikohoa. Halafu akauliza ule mstari wa mwisho unasemaje, hakuusikia vizuri. Akasomewa. Hakukohoa tena.

Kicheko kilipokwisha nilimuuliza jirani yangu alisimama wapi bandarini. Akasema pale penye geti, wanapoingilia abiria. Nilielewa ni pale pale ambapo angesimama siku ile nyingine. Nikamwomba aniwie radhi. Nilisema kwa maneno machache, na nilipoanza kueleza tena hoja za jibu langu la zamani, nikajisikia nazieleza, nikaacha.

Aliokota punje ya mchele sakafuni, akaiweka kiganjani.

"Radhi nshakupa zamani," alisema. "Ulinambia kesho ni yako. Na ilikuwa yangu, Bi Mwalimu. Sikuwa na pa kwenda nayo tu."

Akaniaga, akaenda ufukoni kuwahi maji yaliyotoka, kwa kuwa makumbi yake yalikuwa yamefikia siku ya kufukuliwa.

Kesho yake nilitoka eda kwa hesabu ya nyumba. Wifi yangu alinichemshia maji, akanipa nguo mpya, akanifukiza udi kwa mikono yake, akaufungua mlango wa mbele na kuukunja mkeka wake. Watu waliokuja kunitazama walikaa saa moja wakaondoka. Nilirudi chumbani. Wifi yangu akaniuliza mbona siendi nje. Nikamwambia nakwenda.

Niliitandaza ramani, nikainua kalamu ya mume wangu kutoka pale ilipolala. Uvinza na Kigoma zilikuwa zimetoka mdomo mmoja, na aliyeniletea alipokea kwa huyo huyo. Kwa utaratibu wetu ni riwaya moja, na riwaya moja haitiwi wino. Nikairudisha kalamu kando na kuchukua penseli. Nikaandika Uvinza. Nikaandika Kigoma. Nikachora mstari kutoka Tabora mpaka ziwani, na mlango wa mbele ulikuwa wazi nyuma yangu wakati wote huo. Nilikandamiza sana. Nilipoigeuza karatasi niikunje, mstari ule ulikuwa umejitokeza upande wa pili, nikaupapasa kwa kidole gumba.